Nikiumwa Ndiyo Inafanya Kazi

Tarehe 9 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba, maana najua ukifungua tu bahasha umeshanipa shikamoo. Hujambo huko? Kifua chako kinaiwezaje hiyo baridi? Na panya wako, wote wazima? Huku tunapumua. Shemeji yako bado ananyoa vichwa vya watu kwenye kibanda chake na kuwaeleza siasa wasizomuuliza. Mimi nashona, isipokuwa wiki hizi chache ambazo sikushona, na ndizo zilizonifanya nikuandikie.

Kaa chini kwanza. Ningeweza kupiga simu, lakini wewe kwenye simu unaniambia "usijali Dada" kabla sijamaliza sentensi. Kwenye barua huwezi kunikatiza.

Mwaka jana nilianza kuona doa jeusi kwenye kisigino cha mguu wa kulia, ule ninaokanyagia pedali. Nikajua ni mafuta ya cherehani. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Mguu huo umekanyaga pedali tangu kabla hujaota meno, na mashine yenyewe inadondosha mafuta kila mahali. Nikalisugua doa kwa jiwe la miguu. Nikalisugua kwa limau, kwa mafuta ya taa, kwa ile sabuni ninayotolea madoa kwenye makoti ya wateja. Halitoki. Nikamwambia shemeji yako mafuta ya siku hizi yana rangi kali. Miezi ikapita, doa likapanuka, likaanza kutoa damu kwenye soksi. Hapo kinyozi wangu akasema, fundi, mafuta gani hayo yanayotoka damu? Akafunga kibanda mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi yetu, akanipeleka hospitali.

Si mafuta. Ni saratani ya ngozi, wanaiita melanoma, na kwa watu wa ngozi kama yetu inapenda kujificha kwenye nyayo. Wamekata kipande cha kisigino wakaziba kwa ngozi ya paja. Mshono wao haukuniridhisha lakini nilinyamaza. Wakafungua na kinena, wakatoa tezi, moja wakaikuta na ugonjwa. Sasa daktari anasema haoni kitu kingine, ila huenda kuna seli zimejificha mahali, kwa hiyo anataka nipigwe sindano mwaka mzima. Dawa inaitwa interferoni. Nilipomuuliza inafanyaje kazi alisema inaamsha kinga ya mwili, halafu akaangalia saa.

Basi nimekuja kwako. Umevuka nusu ya dunia kwenda kulea panya wenye uvimbe, wakati hapa nyumbani tulikuwa tunawafukuza kwa fagio. Nitoe ujinga. Niambie kitu hiki ni nini, kwa maneno ya mtu anayeshona sare za shule. Na uniambie kama wewe mwenyewe ungenipiga sindano hiyo.

Sijalia bado. Nina sare za darasa zima mezani.

Dada yako,
Fundi


Tarehe 27 Februari

Shikamoo Dada,

Natumaini barua hii inakukuta mguu umeanza kukauka na usingizi unakuja. Mimi ni mzima wa mwili. Barua yako niliisoma nimesimama kwenye korido, mlangoni mwa chumba cha panya, nikajikuta nimekaa sakafuni na koti langu jeupe. Nililia, sikufichi. Mkuu wangu wa maabara alipita akaniruka mguu akidhani natafuta kitu kilichoanguka.

Umeuliza, nakujibu. Mwili hauna bosi mmoja anayepiga amri. Seli zenyewe zinapeana habari, na habari hizo husafiri kama protini ndogo ndogo ambazo kwa jumla tunaziita saitokini. Nyingine husema "njooni hapa", nyingine "ongezekeni", nyingine "tulieni, imetosha". Interferoni ni mmojawapo wa wajumbe hao. Seli ikivamiwa na virusi huimwaga nje, na jirani zake wakiipata hujifungia milango na kujiandaa.

Lakini ninayoipenda mimi ni kazi yake ya pili. Unajua unavyoning'iniza vipande vya vitambaa mlangoni ili mpita njia ajue ndani kuna nini? Kila seli ya mwili wako inafanya hivyo. Inaning'iniza nje vipande vidogo vya protini zilizomo ndani yake, na askari wa kinga wanapita wakikagua. Wakiona kipande kisicho cha kawaida, wanaiua seli hiyo papo hapo. Sasa seli ya saratani ni janja. Inavishusha vipande vyake, askari wanapita wakidhani duka limefungwa. Interferoni inailazimisha ivitundike tena, na wakati huo huo inawatia askari makali. Hivyo ndivyo inavyoamsha kinga, na daktari wako angeweza kusema hayo bila kuchelewa kokote.

Haimsaidii kila mtu. Kuna uvimbe unaojifanya kiziwi. Lakini umeuliza kama mimi mwenyewe ningekupiga sindano hiyo. Ndiyo, leo hii, kabla ya chai.

Jambo moja nikuandae. Utapata homa. Utatetemeka na maungo yatauma kama mtu mwenye mafua makali. Usiogope, Dada. Hata kwenye mafua, kinachokuvunja mifupa kwa sehemu kubwa ni hawa wajumbe wako mwenyewe wakipiga kelele. Kwa hiyo ukitetemeka ujue ujumbe umefika. Ukiumwa ndiyo inafanya kazi. Iandike sentensi hiyo uibandike ukutani.

Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni mama alipoondoka. Sina mtu mwingine wa kumwita nyumbani. Pigwa sindano.

Mdogo wako,
Baba Panya


Tarehe 30 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba sana. Unakula? Picha uliyotuma umekonda, au ni koti limenenepa. Huku wote hatujambo, ukiniondoa mimi ambaye nimekuwa jenereta.

Mwezi mzima huu nimekwenda hospitali kuwekewa dawa kwenye mshipa, siku za kazi zote, napumzika mwisho wa wiki kama karani. Siku ya kwanza sikusikia kitu nikakuona mwongo. Nilipofika nyumbani, loo, meno yaligongana mpaka shemeji yako akadhani nimewasha cherehani. Blanketi mbili, sweta, soksi zake, bado natetemeka. Baadaye joto likaja, nikatupa kila kitu, nikalala juu ya sakafu. Katikati ya yote hayo nikamwambia, usihangaike, bwana, hiyo ni kelele ya wajumbe. Akaniuliza wajumbe wa chama gani.

Nilimfundisha yote uliyoandika, vipande vya vitambaa na askari na uvimbe kiziwi. Sasa anawaeleza wateja. Kuna watu mtaani wamekwenda kunyolewa ndevu wakarudi wanajua saratani inavyoshusha bidhaa mlangoni. Anaongeza chumvi, lakini sijamsahihisha.

Nywele zimeanza kutoka. Nikichana zinabaki kwenye kitana. Kinyozi ananitazama kwa huzuni, anasema katika wake wote duniani ni wa kwake tu aliyekwenda kunyolewa kwa sindano za watu wengine.

Kuanzia wiki ijayo nitajidunga mwenyewe nyumbani, chini ya ngozi ya paja, mara tatu kwa wiki. Nesi alinifundisha akasema nina mkono mwepesi. Nikamwambia dada, mimi na sindano tumefahamiana zamani. Dawa inatunzwa kwenye friji la duka la soda hapa jirani, na mwenye duka ameibandika karatasi ya "sumu" mtu asije akauziwa.

Na ile sentensi yako nimeibandika. Iko juu ya cherehani, kwa chaki ya kukatia.

Dada yako,
Fundi


Tarehe 18 Aprili

Shikamoo Dada,

Vipi hali yako, vipi paja, vipi shemeji na wanafunzi wake wa kibandani? Mimi nimecheka barua yako ndani ya basi mpaka mama mmoja akahamia kiti kingine. Nashukuru kwa kila mtetemeko wako. Najua ni maneno ya ajabu kumwambia mtu, lakini nashukuru.

Nikueleze tunachofanya hapa, upate moyo. Tuna panya wa aina mbili. Wa kwanza ni wa kawaida. Wa pili wamezaliwa bila kile kipokezi kwenye seli kinachoisikia interferoni, yaani inapita karibu yao kama vile haipo. Kwa kuwatazama huwezi kuwatofautisha. Wanakula sawa, wanapigana sawa. Ukiwapandikizia seli za uvimbe, wale wa kawaida wengi wanaubana, mwingine unapotea kabisa. Wale viziwi uvimbe wao unakua kama unalipwa. Kila ninapowapima nakufikiria. Wewe unasikia, Dada. Mwili wako unasikia vizuri sana, ndiyo maana unatetemeka.

Sasa nikuombe. Kuna watu huchoka katikati, wanalalamika, daktari anapunguza dozi. Usikubali kupunguziwa hivi hivi. Homa hutulia mwili ukizoea. Wewe umeshona usiku na mchana na watoto wa watu wakaenda shule wamevaa, huwezi kushindwa na sindano fupi kama ile. Jikaze kidogo tu, mwaka si mwingi.

Mdogo wako,
Baba Panya


Tarehe 20 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Hujambo? Sisi tupo.

Najidunga kama nilivyoelekezwa. Homa imepungua. Kilichobaki ni uchovu, ule wa kuamka nao. Chakula kina ladha ya bati. Shemeji yako ananipikia, nakula ili aondoke mlangoni.

Wateja wanakuja, nawaambia waje wiki ijayo. Nikikaa kwenye cherehani naangalia uzi, muda unapita. Nesi ameniuliza nikoje, nikamwambia vizuri. Nilikumbuka ulivyosema kuhusu kupunguziwa.

Nashukuru naumwa. Najua inafanya kazi.

Wasalimie huko.

Dada yako,
Fundi


Tarehe 8 Juni

Shikamoo Dada,

Natumaini uchovu umepungua na ladha ya chakula imerudi. Barua yako ilikuwa fupi kama risiti, lakini nakuelewa, mtu mwenye dawa mwilini hana muda wa hadithi. Naomba ijayo unitukane angalau mara mbili, nimezoea.

Habari nzuri kutoka kwangu. Nimekabidhiwa kundi jipya. Panya hawa wana uvimbe wa ngozi, ndugu wa ule wako, na wanapigwa interferoni kila siku. Kazi yangu ni kuupima uvimbe kwa kipimo kidogo cha chuma na kuandika ukubwa. Dada, unasinyaa. Mkuu wa maabara amekuja mwenyewe kuangalia, na huyu si mtu wa kushuka ngazi ovyo. Nilimwambia kuwa dada yangu yuko kwenye dawa hiyo hiyo. Akanipiga bega akasema, mwambie aendelee.

Basi nakuambia, endelea. Uchovu nao ni wajumbe hao hao, kuna mmoja anaingia mpaka kwenye ubongo na kumwambia mtu alale apone. Mwili unajua unachofanya.

Nimeanza kuulizia likizo ya mwisho wa mwaka. Nikija nataka nikukute unamgombeza mtu.

Mdogo wako,
Baba Panya


Tarehe 14 Julai

Mdogo wangu,

Nimepata barua yako.

Vitambaa vya wateja nimewarudishia wote. Mkasi mkubwa nimempa mke wa mwenye duka la soda, ana binti anayejifunza. Cherehani nimeifunika. Nguo zangu nimezikunja nikazipanga vizuri, shemeji yako asipate shida ya kutafuta kitu.

Usijisumbue na likizo. Njia ni ndefu.

Dawa inafanya kazi sana sasa. Sijawahi kuisikia hivi. Umekuwa mdogo mwema kwangu.

Dada


Tarehe 26 Julai

Shikamoo Dada,

Ukiipata barua hii utakuwa umeshanikasirikia siku nyingi, maana nimeshampigia shemeji simu kibandani. Kasirika. Lakini usome mpaka mwisho.

Barua yako ilifika asubuhi nikaiweka mfukoni, nikaingia kazini. Kila jioni tunawawekea panya karatasi laini kwenye vizimba. Panya mzima hawezi kuiacha. Ukirudi asubuhi unakuta ameichana vipande vipande na kujijengea kiota, amejifukia katikati yake, unaona pua tu. Leo nilifika kwenye kundi langu la interferoni, wale ambao uvimbe wao umesinyaa kuliko wote chumbani. Karatasi ilikuwa vilevile nilivyoiweka. Kizimba cha kwanza, cha pili, cha tatu, vyote. Wamekaa pembeni, manyoya yamesimama, wanatazama ukuta. Nikarudi nyuma kwenye kumbukumbu zangu na hakuna nilipoandika hilo, kwa sababu niliagizwa kupima uvimbe, na mimi nikapima uvimbe.

Nikaenda chooni nikaitoa barua yako nikaisoma. Tangu nijue kusoma sijawahi kupata barua yako isiyo na utani. Hii haina hata mmoja. Ina mkasi uliogawiwa na nguo zilizokunjwa, na ina "umekuwa mdogo mwema".

Sikiliza, Dada. Nilikwambia ukiumwa ndiyo inafanya kazi. Nilikuwa nazungumzia homa. Hata hilo la homa nililisema kwa uhakika ambao sina. Hakuna aliyethibitisha kwamba anayeumwa zaidi ndiye anayepona zaidi. Nilitaka tu usikate tamaa, nikatafuta sentensi tamu. Wewe ukaichukua sentensi ile ukaipimia kila kitu, mpaka hili. Dawa hii kwa watu wengine inaingia kichwani na kuwaondolea hamu ya kuishi. Ni jambo linalojulikana. Nilikuwa nalijua kwa jina, kama mtu anavyojua jina la mji ambao hajafika, na sikukuuliza.

Unachokisikia sasa hivi si wewe, wala si ukweli kuhusu wewe. Si dalili ya kupona, na hakuna askari hata mmoja anayesaidiwa nacho. Usijidunge tena mpaka daktari akuone. Mwambie nesi yote, usibakize. Shemeji ameniahidi hatakuacha peke yako hata kidogo, na dawa yenyewe ameshaenda kuichukua dukani aipeleke hospitali.

Hospitali wakisema sindano ziishe, ziishe. Nimeipenda protini hii miaka yote ya kazi yangu na leo naichukia. Ninachokitaka ni wewe. Nakuhitaji uwe hai na unikosoe, hata kama itakuwa kwa muda mfupi kuliko tulivyopanga.

Mdogo wako


Tarehe 30 Agosti

Shikamoo Dada,

Hujambo? Shemeji ananiambia umeonwa na daktari na kwamba unakula. Ananiambia pia hutaki kushika simu nikipiga. Sikulazimishi. Nataka ujue tu kwamba kila jioni nikitoka kazini napita kwenye sanduku la barua, naingiza mkono mpaka nyuma kabisa, kana kwamba barua yako inaweza kunipiga chenga.

Kuhusu wale panya, nilimwambia mkuu wangu nilichokiona. Akaniuliza ni kwa muda gani, nikamwambia sijui, hatukuwa tunaangalia. Sasa tunaangalia. Kila asubuhi, kabla ya kugusa uvimbe wowote, tunaandika nani amejenga na nani hajajenga. Waliopumzishwa dawa wameanza kuchana karatasi kidogo kidogo.

Andika hata mstari mmoja. Hata tusi.

Mdogo wako


Tarehe 2 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Kwanza nikugombeze, nimelibeba muda mrefu. Ulimpigia kinyozi simu akiwa kazini. Akamwacha mteja nusu kichwa kimenyolewa, nusu bado, akakimbia na wembe mkononi, mtaa mzima ukadhani anamfukuza mtu. Yule mteja mpaka leo anatusalimia kwa mbali. Halafu ukampa amri za kunilinda kama benki, nikawa siwezi kwenda kuoga bila mtu kukohoa mlangoni. Nilikukasirikia sana. Nilijisemea, yaani nimemtii huyu mtoto miezi yote, na siku dawa imeniingia sawasawa ndiyo anainyang'anya.

Nitakwambia mara moja tu, usiniulize tena. Watu wanadhani nilikuwa na huzuni. Haikuwa huzuni, huzuni ningeijua, tulimzika mama. Ndani mwangu palikuwa hamna mtu. Nilikuwa nakaa nikifikiri jinsi nyumba itakavyokaa vizuri nisipokuwepo, na nilifikiri kwa utulivu kabisa, kama ninavyofikiria kitambaa nikikate wapi. Na nilikuwa najipongeza. Najiambia, leo imefika mpaka mwisho, mdogo wangu akisikia atafurahi. Nilikuwa nimeshaichagua siku. Kinyozi alifika kabla yake.

Daktari alisimamisha sindano hapo hapo. Alisema jambo hili limeandikwa kwenye maelezo ya dawa, na kwamba kila nilipokuja alipaswa kuniuliza kuhusu moyo wangu na hakuuliza. Safari hii hakuangalia saa. Amenipa vidonge vingine, na kuna nesi wa magonjwa ya akili anakuja nyumbani, mama mmoja mpole anayekunywa chai yangu yote. Ilichukua wiki nyingi. Nilidhani hakitarudi kitu. Halafu asubuhi moja shemeji yako alikuwa anaimba bafuni, unajua anavyoimba, na nikasikia nimekereka. Nilikaa kitandani nikashangaa. Nimekereka. Nikamwita nikamwambia anyamaze, akatoka na povu kichwani akilia kama mtoto.

Wameniuliza kama nataka kuanza tena kwa dozi ndogo huku wakinichunga. Nimefikiria vizuri, na nimekataa. Najua huenda ingenisaidia, na najua utakuwa umemeza mate hapo ulipo. Nimekataa, na daktari amekubali.

Sasa sababu ya barua hii. Juzi nikioga nimegusa kitu kinenani, karibu na mshono, kigumu, kama punje ya dengu. Huenda ni kovu tu. Huenda sivyo. Leo nimekuja kupimwa na wamesema nisubiri, wataniita. Nakuandikia kwenye benchi ya hospitali, karatasi nimeiweka juu ya paja. Shemeji yako yuko pembeni, anasoma tangazo moja la gazeti tangu tulipofika.

Utaona mwandiko umepinda. Mikono inatetemeka. Nesi amenipima, sina homa. Ni woga, mdogo wangu, woga mtupu. Mwezi wa Julai ungeniambia nakufa kesho ningekuuliza saa ngapi. Leo sitaki. Sitaki kufa hata kidogo. Kila mlango ukifunguka namshika kinyozi mkono mpaka anaguna.

Na nimefurahi. Hakuna mtu hapa ninayeweza kumwambia hilo, wangenirudisha kwa yule mama wa chai. Nimekaa nimeogopa hivi, nikajua kuna mtu ndani.

Wananiita. Nampa shemeji yako barua aitie posta sasa hivi, hivi hivi ilivyo, bila kungoja majibu.

Dada yako,
Fundi